Mitishamba, Kisukari na Kipimo cha Damu
(Hotuba iliyotolewa Tanga katika maadhimisho ya Siku ya Kisukari Duniani)

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, waganga wa tiba asili mliotoka Pangani, Muheza na Lushoto, madaktari na wauguzi wa kliniki ya sukari, wazee wangu, wanafunzi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada ya miti dawa katika kutibu kisukari, pamoja na kile ambacho wataalamu wanakiita msongo wa oksidisho. Mimi ni mfamasia. Swali ninaloulizwa kuliko yote dirishani huulizwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akishahakikisha daktari hayupo karibu: "Mwanangu, nikinywa mlonge na karela, si naweza kuacha hivi vidonge?" Nataka leo nilijibu hadharani, maana anayeuliza hivyo si mjinga. Amechoka kumeza dawa kila siku, amechoka na nauli ya kliniki, na amemwona jirani yake akinywa majani akasema amepona.

Jibu langu ni hili. Usiache vidonge, na kama unachoma insulini, usiache sindano hata siku moja. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba mti unaodaiwa kutibu sukari una haki ya kupimwa ndani ya mwili wa binadamu, kwa damu yake, kwa muda wa kutosha, mbele ya mashahidi. Haki hiyo miti yetu mingi bado haijapewa. Kuisifu bila kuipima ni kuinyima heshima, na kuibeza bila kuipima ni vilevile.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Hao ni karibu mmoja katika kila kumi na mmoja. Katika bara letu, makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021 yalisema zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao. Mtu wa namna hiyo anaanza kunywa dawa ya kwanza anayopewa na ndugu, na mara nyingi dawa hiyo ni mizizi au majani. Kwa hiyo mganga wa tiba asili anamwona mgonjwa wa sukari kabla yangu, na kabla ya daktari. Ndiyo maana nilisisitiza kwa waandaaji kwamba mkutano huu usifanyike bila ninyi waganga kukaa viti vya mbele.

Nianze na kidonge ambacho wengi humu ndani mmekimeza leo asubuhi. Metformini. Wapo wanaoiita dawa ya kizungu, dawa ya kemikali, tofauti na mitishamba. Historia yake inaanzia shambani. Ulaya kuna mmea unaoitwa Galega officinalis, wenye maua ya zambarau, wa jamii moja na kunde. Waganga wa kienyeji wa huko waliwapa watu waliokuwa na kiu isiyoisha na kukojoa kupita kiasi. Ninyi mnazijua dalili hizo. Wafugaji nao walijua kwamba kondoo akiula sana hufa. Wakemia wakakuta ndani yake kiini walichokiita galegini, cha ukoo wa kemikali unaoitwa guanidini. Mwaka 1918 ikaonekana kwa wanyama wa maabara kwamba guanidini inashusha sukari. Wakajaribu galegini yenyewe kwa wagonjwa. Sukari ilishuka, lakini kiini kilikuwa kikali mno kwa mwili, wakaiacha.

Mwaka 1922 wakemia wawili, Werner na Bell, wakatengeneza ndugu yake mpole zaidi, ile ambayo leo ni metformini, na ikakaa kabatini. Ni mpaka mwaka 1957 daktari mmoja Mfaransa, Jean Sterne, alipochapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari. Marekani hawakuikubali mpaka mwaka 1994. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha kwamba wagonjwa wenye uzito mkubwa walioitumia walipungukiwa na vifo na mshtuko wa moyo. Sasa hesabuni tangu mwaka 1918 mpaka 1998. Miaka 80, kutoka mmea unaoua kondoo hadi kidonge cha bei nafuu kilichoko katika kila zahanati yenye dawa. Miaka hiyo ilitumika kutafuta kiini, kukipunguza ukali, kupata dozi, na kuhakikisha mgonjwa anaishi zaidi. Sukari kushuka ulikuwa mwanzo tu wa safari.

Hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Kushusha sukari na kutibu kisukari ni mambo mawili. Sumu pia inashusha sukari. Afrika Magharibi na Jamaika kuna tunda linaloitwa aki, Blighia sapida. Likiliwa kabla halijaiva lina sumu inayolizuia ini kutengeneza sukari, na sukari ya mlaji huporomoka mpaka anatapika, anapoteza fahamu, na wengine wamekufa. Mtu asiyejua akimpima mgonjwa huyo kwa mashine angeweza kusema amepata dawa kali ya kisukari. Kwa hiyo mtu akikwambia mti fulani "unashusha sukari kweli kweli," mwulize: unaishushaje? Je, unaisaidia insulini kufanya kazi, au unachelewesha wanga kumeng'enywa tumboni, au unaliumiza ini? Swali hilo mganga anaweza kulibeba, mfamasia anaweza kulibeba, na mgonjwa pia.

Kuna mmea mwingine nataka muufahamu, nao unatoka jirani. Asili yake ni Madagaska, na huku kwetu umepandwa mbele ya nyumba nyingi, ua lake la waridi au jeupe lenye petali tano. Kwa jina la kisayansi ni Catharanthus roseus. Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha ya majani hayo kutoka huko, akampelekea mdogo wake Robert, aliyekuwa mtafiti chuo kikuu. Robert Noble akawapa wanyama dawa hiyo, akapima sukari. Haikushuka kwa maana yoyote. Lakini akaona jambo ambalo hakulitafuta: chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Yeye na mwenzake Charles Beer wakalifuata hilo, wakatoa vinblastini, na baadaye watafiti wengine wakatoa vinkristini, dawa ambazo mpaka leo zinawatibu watoto wenye saratani ya damu, wakiwemo wa hapa kwetu.

Fikirini kama yule mtafiti angeridhika na sifa. Angeandika kwamba mmea ni dawa ya kisukari, watu wangeendelea kunywa chai isiyowasaidia, na watoto wenye saratani wasingepata chochote. Kipimo kilichosema "hapana" kwa kisukari ndicho kilichofungua mlango mwingine. Waganga wetu mnaoogopa kupeleka mti maabara kwa hofu kwamba utakataliwa, nawaomba muukumbuke mmea huu wa Madagaska. Na yule anayedhani wazee walidanganya, naye aukumbuke. Mmea ulikuwa na nguvu kweli. Kilichokosewa ni kazi uliyopewa.

Sasa nije kwenye msongo wa oksidisho, maana siku hizi neno hili limefika hadi kwenye vibao vya wauza dawa stendi, kwa maandishi makubwa: "huondoa sumu mwilini."

Seli zetu zinaunguza chakula kwa kutumia oksijeni, kazi inayofanyika zaidi ndani ya vyumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Katika kuunguza huko hutokea chembe kali, zisizotulia, ambazo zinapogusa mafuta, protini au vinasaba huviharibu. Ni kama cheche zinazoruka kutoka jiko la mkaa. Mwili una walinzi wake wa kuzima cheche hizo: glutathioni, vimeng'enya kama katalesi, vitamini C na E. Cheche zikizidi walinzi, ndipo tunasema kuna msongo wa oksidisho.

Kwa mwenye kisukari jambo hili ni zito. Kuna seli ambazo haziwezi kuizuia sukari isiingie ndani: zile za mishipa midogo ya jicho, za figo, za neva za miguuni. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani yake, mitokondria zinaunguza kupita kiasi, cheche zinazidi. Mwaka 2001 Michael Brownlee, mtafiti wa New York, alieleza jinsi njia hii moja inavyoweza kuunganisha madhara yote tunayoyaogopa, upofu, figo kufeli, ganzi ya miguu na vidonda visivyopona. Kwa hiyo msongo wa oksidisho upo, na unahusika. Wauza dawa wa stendi hawajaubuni.

Tatizo ni daraja wanalojenga kutoka hapo. Wanasema: kama cheche ndizo zinazoharibu, basi mmea wenye vizima cheche ni dawa ya kisukari. Na kwa kuwa karibu kila jani la kijani, kila tunda lenye rangi, kila kiungo cha pilau kina vitu vya kuzima cheche, basi kila kitu kinakuwa dawa ya kisukari. Unachukua majani, unayachemsha, unachanganya na kemikali ya rangi ya zambarau ndani ya chupa ya maabara, rangi inafifia, unaandika "mmea huu una nguvu kubwa." Kipimo hicho kinafanyika mchana mmoja. Wanafunzi wa vyuo mlioko hapa mnakifahamu, wengine mmekifanya kwa ajili ya tasnifu. Kinaonyesha kwamba majani yana kitu fulani ndani ya chupa. Hakisemi kitu hicho kinafyonzwa tumboni, wala kwamba kinapita salama kwenye ini, wala kwamba kinafika kwenye jicho la mgonjwa.

Nami nina sababu ya kusema hivyo. Nadharia hii imejaribiwa kwa binadamu, tena kwa vizima cheche safi vyenye dozi inayojulikana. Utafiti ulioitwa HOPE, uliochapishwa mwaka 2000, uliwachukua watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya magonjwa ya moyo, zaidi ya theluthi moja wakiwa na kisukari, nusu yao wakapewa vitamini E kila siku kwa zaidi ya miaka minne. Mshtuko wa moyo haukupungua, kiharusi hakikupungua, vifo havikupungua. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Finland waliwapa wavutaji sigara vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti, wakitumaini kuzuia saratani ya mapafu. Walioimeza walipata saratani zaidi ya wasioimeza. Hizo ni habari za kuumiza kwa watu waliokuwa na nia njema, lakini zilichapishwa zote, na zimetuokoa sisi tuliokuja baadaye. Kula matunda na mboga, endelea nazo, zina faida tele. Ila kunywa kikombe cha kitu kwa sababu tu kinazima cheche kwenye chupa, ukaacha dawa inayoshusha sukari ambayo ndiyo chanzo cha cheche zenyewe, huko ni kuzima moshi na kuuacha moto.

Kuna jambo jingine hapa ambalo nawaomba wanafunzi mliandike, kwa sababu sijaona likielezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Taarifa nyingi sana mnazosoma zinazosema "mmea fulani wathibitika kutibu kisukari" zinatoka kwa panya. Panya hao hawakuzaliwa na kisukari. Wamedungwa kemikali ili wakipate, na kemikali inayotumika sana ni aloksani au streptozotosini. Hizi mbili zinaingia kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Aloksani inaua kwa njia gani? Kwa kuzalisha cheche zilezile za oksidisho, ndani ya seli ambazo kwa maumbile yake zina walinzi wachache. Sasa mtafiti akimpa panya majani yenye vizima cheche kabla ya kumdunga aloksani, au muda mfupi baada yake, panya anaweza kunusurika. Sukari yake inabaki chini. Mtafiti anaandika: mmea unatibu kisukari. Alichoonyesha ni kwamba mmea unaweza kumkinga panya na aloksani. Mama wa Makorora, hapa Tanga mjini, mwenye kisukari cha miaka kumi hakudungwa aloksani na mtu. Ugonjwa wake una historia nyingine, ya uzito, ya kurithi, ya ini na misuli isiyoitikia insulini yake. Ndiyo maana miti inayofaulu kwa panya inahesabika kwa mamia, na iliyofika kwenye kidonge inahesabika kwa vidole.

Sisemi kazi ya panya ni bure. Ni ngazi ya kwanza. Nasikitika tu kwamba tumejenga ngazi ya kwanza mara elfu moja na ya pili mara chache mno.

Wapo waliothubutu kupanda ya pili, tena hapa Tanzania. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974. Mwaka 2001 watafiti wa Muhimbili walichapisha jaribio la mmea Phyllanthus amarus, ule mdogo wa mashambani wenye majani mfano wa mkwaju na vijitunda vilivyopangana chini ya majani hayo. Unatumika kwa kisukari sehemu nyingi duniani. Walichukua wagonjwa 21 wa kisukari cha ukubwani. Wakawaachisha vidonge kwa wiki moja chini ya uangalizi, sukari ikapanda kama ilivyotarajiwa. Kisha wakawapa maji ya mmea huo kwa wiki moja. Sukari haikushuka. Walipima pia ini na figo, havikuathirika. Ni jaribio dogo, la muda mfupi, na mtu anaweza kusema lingefaa kuendelea zaidi. Lakini walimpima binadamu, wakapata jibu ambalo halikuwafurahisha, wakalitangaza. Kwangu mimi, karatasi ile ina thamani kuliko makala hamsini za panya, na ningependa kila mganga aliyeko hapa asomewe kwa lugha yake.

Brazil nao walifanya hivyo kwa mzambarau, ambao huku Tanga tunao barabarani. Kule watu wengi wanakunywa chai ya majani yake kwa ajili ya sukari. Mwaka 2004 ikachapishwa ripoti ya jaribio: kundi moja lilipewa glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, jingine chai ya mzambarau, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Vidonge vilishusha sukari, chai haikushusha. Huku kwetu wazee husaga kokwa, hawachemshi majani, kwa hiyo kesi ya kokwa bado iko wazi na inamsubiri mtafiti.

Nipite haraka kwenye miti mingine mnayoniuliza sana. Karela: ina viini vinavyoelekea kusaidia. Jaribio la Thailand la mwaka 2011 lilionyesha kwamba gramu mbili za unga wake uliokaushwa kwa siku zilishusha sukari, lakini kidogo kuliko metformini, na jaribio lilikuwa la wiki nne. Kama mboga mezani, karibu. Uwatu: mbegu zake zina utelezi unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na India wamepata matokeo ya kutia moyo, ila angalieni kipimo. Katika jaribio la Hyderabad la mwaka 1990 wagonjwa walikula gramu 100 za unga wa uwatu kwa siku. Gramu mia! Kijiko kimoja kwenye uji hakiwezi kudai matokeo yale. Mdalasini: mwaka 2003 Pakistan walipata matokeo mazuri kwa watu 60, dunia ikashangilia, majaribio yaliyofuata yakapingana, na yalipokusanywa pamoja mwaka 2012 hayakutosha kumshauri mtu autumie kama dawa. Atumiaye mwingi kila siku ajue pia kwamba ule wa Unguja na Pemba una kumarini kidogo sana, ilhali ule mgumu wa kasia una nyingi, na kumarini si rafiki wa ini. Majani ya mpera: yanapunguza kasi ya wanga kugeuka sukari tumboni, na Japani kuna chai yake iliyoruhusiwa kuuzwa ikiwa na maelezo hayo. Mlonge ni mboga bora, wenye kisukari waule. Ushahidi wake kama dawa ya sukari kwa binadamu bado ni mdogo. Mwarobaini, habasoda na mshubiri sitavizungumzia leo, muda hautoshi, lakini swali ni lilelile: ni kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na nani alipima?

Sasa niseme kuhusu hatari, na hapa sitapunguza maneno.

Ya kwanza ni kuchanganya. Mti unaofanya kazi kidogo na kidonge kinachofanya kazi vizuri, vikikutana, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Tangu mwaka 1979 madaktari wa Uingereza waliripoti mgonjwa aliyekuwa anakula karela huku akimeza kidonge cha sukari, na mambo yakaingiliana. Wenye glibenklamaidi na wenye insulini mko kwenye hatari zaidi. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: kunywa kitu chenye sukari papo hapo, kisha pima. Chini ya 4, kwa mashine inayosoma milimoli kwa lita, ni hatari. Na mwambie muuguzi unachokunywa. Nawaomba wauguzi nanyi, msimgombeze. Mgonjwa aliyegombezwa mara moja hatasema tena, ataendelea kunywa kimya kimya, na siku atakapoletwa hajitambui hatutajua kilichompata.

Ya pili ni udanganyifu. Singapore mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari kabisa walifikishwa hospitali sukari zikiwa zimeporomoka. Wanne walifariki. Walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama mitishamba, zilizochanganywa na glibenklamaidi kwa siri. Wauzaji wa dawa za sukari pia wamekamatwa nchi mbalimbali wakifanya hivyo: unga wa majani, ndani yake kidonge kilichosagwa. Mgonjwa anaona sukari imeshuka, anasema mitishamba ni kiboko. Ikiwa dawa ya chupani inashusha sukari kwa kasi ya ajabu, ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kupelekwa kwa wagonjwa. Mganga mwaminifu, aliyesajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ndiye wa kwanza kuumizwa na watu hawa, kwa sababu wanaliharibu jina lake.

Ya tatu inahusu ukanda wetu huu wa pwani. Kwa sababu ya malaria ya vizazi na vizazi, wengi wetu tuna upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kimeng'enya hicho ndicho kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na zile cheche. Mbegu za karela zina kiini kiitwacho visini, cha jamii ileile inayowapasulia chembe za damu wenye upungufu huo wakila maharage mapana ya Kiarabu, ful. Mtu anakunywa dawa kwa nia ya kupunguza msongo wa oksidisho, kumbe anauongeza. Mbegu hizo msizisage kuwanywesha watoto wala wajawazito.

Na watoto. Hapa naomba kila mtu anisikilize. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Kabla ya mwaka 1922, alipopata nafuu kijana Leonard Thompson wa miaka 14 huko Toronto, watoto hawa wote walikufa, katika kila nchi, chini ya kila mganga na kila profesa. Hakuna mti uliowahi kuthibitika kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyo. Mwaka 2011 maelfu walipanda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa marehemu Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Simhukumu mzee yule, na waliokwenda walikwenda na imani na maumivu ya kweli. Lakini wapo waliorudi nyumbani wakaweka dawa zao pembeni. Mtu mzima mwenye kisukari cha ukubwani akifanya hivyo, madhara yanaweza kuchukua miezi kuonekana. Mtoto wa insulini hana miezi. Ana siku chache tu. Mganga yeyote anayeletewa mtoto mwenye kiu kali, anayekonda na kukojoa kitandani ghafla, amfikishe hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Namalizia na ombi kwa waganga, kwa sababu nguvu ya kubadilisha jambo hili iko kwenu zaidi kuliko kwangu. Kila mgonjwa wa sukari anayekuja kwenu, mtumeni apimwe kabla hamjampa kitu, andikeni namba. Andikeni mti, sehemu ya mti, kiasi, na siku aliyoanza. Andikeni vidonge anavyomeza, na asiviache. Baada ya miezi mitatu apimwe tena, safari hii kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, maana sukari ya asubuhi moja inaweza kumdanganya mtu yeyote. Daftari la namna hiyo la waganga kumi wa mkoa huu, likitunzwa mwaka mmoja, litamwambia mtafiti aanze na mti upi kati ya mamia. Haki yenu juu ya mti na maarifa iandikwe kabla, kwa mkataba, mbele ya mwanasheria. Mtafiti atakayekataa mkataba, msimpe hata jani.

Na kwenu wa vyuo vikuu: mnaotafuta mada za tasnifu, acheni kurudia kipimo cha rangi ndani ya chupa. Nendeni kamati ya maadili, ombeni kibali, fanyeni jaribio dogo la binadamu lililopangwa vizuri, na mchapishe hata likisema hapana. Kokwa ya zambarau inasubiri.

Wauguzi wameweka meza tatu za vipimo nje, upande wa mwembe, na huduma ni bure mpaka saa kumi jioni. Meza ya tatu ni ya wanaotumia mitishamba pamoja na vidonge. Kama dawa yako ya majani unayo hapa, njoo nayo kwenye chupa yake, tuiandike pamoja. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa waganga.